Ujumbe Umechelewa? Usibonyeze Tena Kabla ya Kusoma Hapa

Tuseme ni jioni, kiza kinaanza kuingia pale Isecheno, karibu na kituo cha msitu. Mama mwenye kibanda cha chai na maandazi anataka kumlipa mwenye duka la jumla kule Khayega shilingi 4,500 za unga na mafuta, ili mzigo upakiwe kwa boda asubuhi mapema. Pesa iko kwenye akaunti yake ya benki. Anachukua simu yake ya mulika mwizi, anaingia kwenye menyu ya benki, anaweka nambari ya duka, kiasi, PIN, anabonyeza.

Simu inangoja, inangoja, halafu kimya. Hakuna ujumbe. Baada ya dakika mbili anarudia yote kutoka mwanzo. Safari hii ujumbe unaingia: umelipa 4,500. Anashusha pumzi, analala.

Asubuhi akiangalia salio, zimetoka 9,000. Na zile 4,500 za pili zilikuwa za karo ya mtoto.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini swali lake tunaulizwa kila mara: "Kwani ile ya kwanza si ilikataa?" Ukweli ni kwamba haikukataa. Simu ilinyamaza, na kunyamaza si kukataa. Ili uelewe tofauti hiyo, twende pamoja kwenye safari ambayo pesa yako hupitia.

Simu ni dirisha tu

Wengi wetu tunaona kama pesa iko ndani ya simu. Haiko. Simu ni kama dirisha la benki: unaongea kupitia hapo, lakini daftari liko ndani, kwenye kompyuta ya mbali. Ndiyo maana simu ikiibiwa au ikianguka mtoni, unarudisha laini yako na salio unalikuta palepale.

Kompyuta hiyo ya mbali inaweza kuwa mbali kwelikweli. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, kompyuta zilizoiendesha zilikuwa Ulaya. Zililetwa nyumbani mwaka 2015. Kwa hiyo kwa miaka minane, mtu wa Isecheno akimtumia ndugu yake wa Khayega mia mbili, maagizo yalikwenda Ulaya na kurudi kabla ya simu kulia. Watu wawili wa eneo moja, hesabu yao inafanywa ng'ambo!

Mkalimani aliye katikati

Ukibonyeza "tuma", kuna kazi tatu zinazofanywa.

Kwanza, ombi lako linapita hewani kupitia mnara wa mtandao hadi kwenye seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kupokea maombi ya watu na kuyajibu.

Pili, ndani ya seva kuna skripti. Hii ni orodha ya maagizo iliyoandikwa na watengenezaji wa programu. Ombi likifika, skripti inaamka na kuanza kukagua: Huyu ni nani? PIN ni sahihi? Kiasi kinaruhusiwa? Nambari ya duka ipo? Kazi hiyo haifanywi ndani ya simu yako kwa sababu mbili kubwa. Moja ni usalama: kilichoko kwenye simu, mwenye simu anaweza kukichezea, lakini maagizo yaliyoko kwenye seva hawezi kuyafikia. Ya pili ni usawa: simu ya mulika mwizi inapata huduma ileile inayopata simu ya bei ghali, maana kazi nzito haifanywi na simu.

Tatu, skripti inapeleka ombi kwenye mfumo mkuu wa benki, ambako daftari lenyewe limewekwa. Kwenye benki nyingi kubwa duniani, mfumo huo unaendeshwa na meinfremu, zile kompyuta kubwa za ofisi kuu ambazo ukoo wake ni wa zamani. IBM ilitangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964, na lugha ya COBOL, ambayo bado inafanya hesabu za benki nyingi, ilibuniwa mwaka 1959. Si kila benki ya hapa kwetu ina meinfremu. Nyingine zina seva za kawaida. Lakini mpangilio ni uleule: mbele kuna skripti, nyuma kuna daftari.

Shida ni kwamba mashine hizo za kale zilitengenezwa kabla ya intaneti ya kurasa, na kabla ya simu za mkononi kufika kwetu. Zinajua hesabu, hazijui menyu. Ndipo lugha za skripti zikaingia. PHP, kwa mfano, ilitolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za intaneti, na baadaye ikapelekwa kufanya kazi hata kwenye mashine za IBM zenyewe. Skripti inakuwa mkalimani: upande mmoja inaongea lugha ya simu yako, upande wa pili lugha ya daftari.

Kwa nini wasinunue mfumo mpya?

Ni swali zuri. Lakini kubadilisha daftari la benki ni kama kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa ndani. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya. Mambo yakaenda mrama: wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Ndiyo maana benki nyingi huona heri kuliacha daftari lililozoeleka lifanye kazi yake, na kumweka mkalimani mpya mbele yake.

Kimya cha aina tatu

Sasa turudi kwa mama wa Isecheno. Simu ilinyamaza. Kunaweza kuwa na sababu tatu:

1. Ombi lilipotea likienda. Mtandao ulikatika kabla halijafika kwenye seva. Hakuna kilichokatwa.
2. Ombi limekwama katikati. Skripti inangoja jibu la mfumo mkuu. Hili hutokea watu wakiwa wengi, au usiku benki inapofunga hesabu za siku. Pesa inaweza kukatwa baadaye kidogo.
3. Jibu lilipotea likirudi. Kazi ilikwisha kitambo, pesa imekatwa na duka limelipwa. Kilichokosa kufika ni habari tu.

Ukiwa umeshika simu, zote tatu zinafanana! Hata simu yenyewe haiwezi kuzitofautisha. Anayejua ni daftari peke yake.

Utasema, "Si mfumo ungejua nimerudia?" Watengenezaji wanajaribu. Kila ombi linaweza kupewa nambari yake, na ombi lenye nambari ileile likifika mara mbili, seva inajibu bila kukata tena. Lakini ukianza menyu upya kutoka mwanzo, hilo ni ombi jipya lenye nambari mpya. Seva haina njia ya kujua kama umerudia kwa wasiwasi au kama kweli unanunua unga mara mbili. Na kuna watu hununua mara mbili kwa siku.

Ufanye nini basi?

- Usirudie. Uliza daftari kwanza. Angalia salio, au taarifa fupi ya akaunti. Ukiona kiasi kimetoka, ujue ombi lilifika.
- Kama salio halijabadilika, ngoja kisha uangalie tena. Huenda bado liko katikati. Kama ni usiku na halina haraka, liache mpaka asubuhi.
- Mpigie unayemlipa. Swali moja tu: "Imeingia?" Naye aangalie salio lake, asitegemee ujumbe pekee.
- Andika saa, kiasi na nambari uliyolipa. Ukipata nambari ya muamala, itunze. Ukipigia huduma kwa wateja ukiwa na hizo, tunaitafuta haraka kwenye rekodi.
- Ukigundua umelipa mara mbili, ripoti mara moja. Kurudisha pesa ni rahisi zaidi kabla aliyepokea hajaitumia.

Na wewe muuzaji, sikiliza

Jambo hili lina upande wa pili. Kama pesa inaweza kuingia bila ujumbe, basi ujumbe pia unaweza kuingia bila pesa. Matapeli wanajua kuandika ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Angalia salio lako wewe mwenyewe.

Na mtu akikupigia akisema "pesa yako imekwama, nipe PIN niifungue", kata simu. Umeshaona kazi inafanyika wapi. Ombi lililokwama hukwamuliwa huko kwenye seva na kwenye daftari, na hakuna hatua hata moja inayohitaji mtu kuijua PIN yako.

Kwa hivyo jioni nyingine simu ikinyamaza, vuta pumzi, weka kidole kando, angalia salio. Dakika tano za kungoja zinaweza kuokoa karo ya muhula.