Mkeka wa Rufiji: pambo la nyumba, jasho la mwanamke

Kuanzia Kibiti mjini hadi Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji, mgeni wa heshima hatandikiwi jamvi la kuanikia mpunga. Hutolewa mkeka wa ukindu wenye rangi, uliotunzwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hapo mama mwenye nyumba ameshaeleza anachokiona kizuri.

Mkeka huo ni kazi ya wanawake. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa juani mpaka yakapauka, kisha huchanwa. Chane za rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, siku hizi wengi hutumia rangi ya unga ya dukani. Ndipo husukwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, unaoshonwa ubavu kwa ubavu. Hapo fundi hujulikana: nakshi za ukili zisipokutana vizuri, mkeka wote huonekana umekwenda upande, na msukaji mwenzake huliona kosa kabla hajaketi.

Macho haya ya kuchagua kizuri ni ya kale kwenye pwani hii. Mkukutu, karibu na Kibiti, mwanaakiolojia Felix Chami alipata shanga za enzi ya Warumi. Kunduchi, bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Lamu, vyombo vya kaure vilipangwa kwenye vidaka vya kuta za majumba ya mawe. Na katika karne ya 19, wafanyabiashara Wamarekani walioleta merikani Zanzibar walijua kwamba kitambaa kisichompendeza mnunuzi kitawadodea. Watu wa pwani hawakupokea kila kilichoshushwa na jahazi, walichagua.

Leo mkeka wa plastiki umejaa madukani. Ni wa bei nafuu na huoshwa kwa sabuni ukakauka upesi. Mama anayeununua hana kosa. Anapanga matumizi ya nyumba yake. Kosa ni letu wasafiri wa barabara ya Lindi, tunaosimamisha gari Kibiti na kutaka mkeka wa ukindu kwa bei ya plastiki, kana kwamba kukata, kuchana, kupika rangi, kusuka na kushona ni kupoteza muda tu.

Tukiupenda uzuri huu, tuulipie. Binti wa delta atajifunza kusuka akiona ukili wa mama yake unalipa mahitaji ya shule.