Oili na Gundi: Tatizo la Istilahi katika Kufunga Injini Upya

Mwenye kuifumua injini nyumbani na kuifunga upya aghalabu hutumia majina mawili tu: oili na gundi. Majina haya hayatoshi, na upungufu wake huweza kuiua injini.

Tuanze na oili. Injini iliyofungwa upya inapowashwa mara ya kwanza, pampu huwa haijafikisha oili kwenye beringi. Kwa hiyo fundi hutangulia kupaka kilainisho kizito chenye kunata, kisichochuruzika hata injini ikilala majuma kadhaa. Oili nyepesi ingeshuka yote, chuma kikasagana na chuma.

Gundi nazo ni mbili. Ile ya silikoni hugandishwa na unyevu wa hewa, nayo hufaa penye mwanya, kama vile ukingo wa sampu. Ya pili huganda inaponyimwa hewa, baina ya nyuso za chuma zilizobanana. Ikipakwa penye mwanya mpana hubaki mbichi. Aidha, silikoni ikizidishwa hubanwa ikaingia ndani, ikakatika na kuziba kichujio cha oili, na beringi zikafa kwa kiu. Gasketi ya silinda hedi, kwa upande wake, kwa kawaida hufungwa kavu.

Basi twapendekeza: oili ya kufungia, gundi-hewa na gundi-bana. Fundi huzijua tofauti hizi kwa vidole vyake. Mwanafunzi asomaye kitabu hana ila neno. Tukimpa neno moja kwa vitu viwili, kosa litakuwa letu.