Maandishi ya Meroe: Herufi Zasomeka, Lugha Haijaeleweka

Mtoto aliyehitimu chuoni aweza kuusoma msahafu kwa sauti iliyo sawa, asikosee irabu hata moja, naye asijue maana ya aya aisomayo. Vivyo hivyo Mwarabu asiyejua Kiswahili, akipewa utendi wa kale ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, atazitambua herufi lakini maneno yatampita. Hiyo ndiyo hali iliyowakabili wachunguzi wa maandishi ya Meroe kwa zaidi ya miaka mia moja. Makala haya yakusudia kueleza sababu yake, na njia iliyobaki.

Meroe ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kushi, ukingo wa mashariki wa mto Nili, katika Sudan ya leo. Wafalme wa Kushi waliandika kwanza kwa lugha ya Misri. Yapata karne ya 2 kabla ya Kristo wakaanza kuandika lugha yao wenyewe, kwa alama za namna mbili: za picha, zilizochongwa hekaluni, na za mkato, kwa matumizi mengine. Kila namna ina alama 23: irabu 4, konsonanti 15 ambazo kila moja hubeba irabu *a* ndani yake, na silabi 4. Ufalme ulianguka katika karne ya 4 baada ya Kristo, na baadaye lugha yake ikafa.

Aliyeufungua mlango ni Mwingereza F. Ll. Griffith, kati ya 1909 na 1911. Katika jiwe moja lililotoka Wad ban Naqa, majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore yameandikwa kwa Kimisri na kwa Kimeroe pia. Kwa kulinganisha majina hayo na mengine, Griffith alipata sauti za alama. Lakini majina hutoa sauti, hayatoi maana. Na mpaka leo halijapatikana andiko refu la lugha mbili la kuifasiri lugha yenyewe.

Hata hivyo maneno kadhaa yamejulikana kwa njia ya muktadha. Kaburini huwekwa meza ya sadaka yenye picha ya maji yamiminwayo, na mikate. Na dua iliyochongwa juu yake hurudia maneno yale yale kila mara. Kwa hiyo *ato* ni maji, na *at* ni mkate. *Qore* ni mfalme. Msomaji wa Biblia amemkuta Kandake katika Matendo ya Mitume: hilo halikuwa jina la mtu, bali cheo cha kifalme cha wanawake wa Kushi.

Zaidi ya hapo, muktadha hautoshi. Yahitajika jamaa za lugha. Hapa yatupasa kujihadhari. Kufanana kwa neno moja au mawili si ushahidi wa nasaba. Hatusemi Kiswahili ni ndugu wa Kinyarwanda na Kizulu kwa sababu tu ya *maji*, *amazi* na *amanzi*. Twasema hivyo kwa sababu sauti hizo hulingana kwa kanuni, katika neno baada ya neno. Mwaka 1964 Bruce Trigger alipendekeza kwamba Kimeroe ni cha kundi la lugha za Sudani ya Mashariki. Baadaye Claude Rilly alilichunguza jambo hilo kwa kanuni za sauti, akakiweka Kimeroe pamoja na lugha za Kinubi cha mtoni Nili na milimani, Kinara cha Eritrea, Kitama cha mpaka wa Chad na Sudan, na Kinyima cha Milima ya Nuba. Wapo wasiokubali, wakiielekeza lugha hiyo kwenye jamii ya Kiafro-Asia. Lakini hoja ya Rilly yaweza kupimwa neno kwa neno, na huo ndio ubora wake.

Kwa hiyo ufunguo wa Meroe haumo mchangani tu. Umo pia vinywani mwa wakulima na wachungaji ambao lugha zao zina kamusi chache na sarufi chache zaidi. Vita vilivyoanza Sudan mwezi wa Aprili 2023 vimewatawanya watu kwa mamilioni, na wasemaji wa baadhi ya lugha hizo wamo miongoni mwao. Jiwe laweza kungoja karne nyingine chini ya mchanga. Mzee ajuaye majina ya kale ya mimea na jamaa hangoji. Atakaye kukisoma Kimeroe na aanze kwake.