Mtoto Mnene Tusimpime kwa Mizani Pekee

Kwetu Pwani, mtoto akinenepa huambiwa ana afya. Mwanangu wa miaka 11 alisifiwa hivyo kila nyumba tuliyoingia, nami nikifurahi. Kumbe kila akioga nilikuwa nikimsugua shingo kwa dodoki, nikidhani ule weusi ni uchafu.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Weusi ule ulikuwa dalili kwamba mwili hauitikii vyema insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini itumike. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na likichoka, kisukari hubisha hodi. Presha yake nayo ilikuwa juu.

Nilitarajia kuambiwa nimnyime chakula. Daktari akaniuliza, "Mwanao hucheza saa ngapi?" Nikakosa jibu. Asubuhi shule, jioni chuoni, usiku simu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, yale ya kumpandisha mtu pumzi. Angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa, kama kuruka kamba.

Tulianza kidogo kidogo. Chuoni akaenda kwa miguu badala ya tuktuk. Jumamosi tukateremka baharini kuogelea, maana maji humbeba mtoto mzito na magoti hayamuumi. Soda tukaiacha, kwani mazoezi peke yake hayatoshi.

Baada ya miezi 3 nikampandisha kwenye mizani: kilo zile zile! Nilivunjika moyo. Daktari alipompima, presha ilikuwa imeshuka, na kimo kimeongezeka.

Akanieleza kwamba misuli inapofanya kazi hufyonza sukari kwenye damu hata pale insulini inapolegea. Moyo hupata nguvu, na mafuta ya ini na ya tumboni hupungua, hata kama mizani haijatikisika.

Hilo ndilo ningependa wazazi wenzangu walijue. Tukingojea kilo zishuke ndipo tuamini, tutamkatisha mtoto tamaa wakati mwili wake unapona. Wala tusimwite "bonge". Anayechekwa uwanjani harudi tena. Mwenye pumu au maumivu ya kifua aonwe na daktari kwanza. Wengine, jioni hii tutoke nao, wasichana kwa wavulana.