Tusiwafunge Watoto Madawatini

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Msemo huu tuliusikia tangu utotoni, lakini maana yake kamili tuliipata tukiwa watu wazima, katika uwanja wa mazoezi wa chuo cha maafisa wanafunzi.

Siku hiyo mkufunzi alitupanga mstari mmoja ili tujifunze kutupa bomu la mkono. Mabomu yenyewe yalikuwa ya mazoezi, hayana baruti. Miongoni mwetu alikuwako kijana mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu, mrefu na mwenye siha njema. Alipotupa, bomu lake lilianguka hatua chache tu mbele yake. Alikuwa ametanguliza mguu wa upande ule ule wa mkono wake, na kiwiliwili chake hakikuzunguka hata kidogo. Mkufunzi hakumkaripia. Alimwuliza tu, utotoni ulikuwa ukicheza nini? Kijana akajibu kwamba hakuwa akicheza, alikuwa akisoma. Alifanya bidii kuliko sisi sote, lakini hadi tulipohitimu hakuweza kutupa kama wenzake waliokua wakiangusha maembe kwa mawe.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu sasa limetufika nyumbani. Binti yetu ana umri wa miaka minne, naye anasoma katika shule ya chekechea mjini. Jioni moja alirudi na daftari lililojaa herufi, nasi tukafurahi, hata tukamwonyesha jirani. Jumapili iliyofuata tulikwenda kijijini kumwamkia bibi yake. Njiani palikuwa na mfereji wa maji ya mvua, upana wake haukuzidi hatua moja ya mtu mzima. Watoto wa kijijini wa umri wake waliuruka huku wakicheka. Binti yetu alisimama ukingoni, akanyosha mikono ili abebwe.

Yafaa ieleweke kwamba miguu yake haina kasoro yoyote. Alianza kutembea kabla ya kutimiza miezi kumi na minne, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikwisha kuonyesha mwaka 2006 kwamba watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya mwezi wa nane na wa kumi na nane. Lakini kutembea ni mwanzo tu. Kukimbia na kusimama ghafula, kuruka kwa miguu miwili na kutua salama, kurukaruka kwa mguu mmoja, kurusha, kudaka, kupiga teke na kusimama bila kuyumba, hayo ndiyo herufi za mwili. Mtoto wa miaka mitatu hudaka mpira kwa kuukumbatia kifuani. Wa miaka minne huweza kurukaruka kwa mguu mmoja mara kadhaa. Wa miaka mitano huanza kudaka kwa viganja. Wengi hudhani kwamba mambo haya huja yenyewe kama meno. Sivyo. Umri huleta uwezo, lakini ustadi huletwa na mazoezi, na asiyepewa nafasi ya kurusha hubaki akirusha kitoto hata akiota ndevu.

Tulikwenda shuleni kumwona mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye subira. Tulikuta watoto wapatao arubaini wamebanana katika mabenchi, wakinakili kutoka ubaoni tangu asubuhi. Nje palikuwa na ua mdogo, nao umeegeshwa gari.

"Mama," tukasema, "watoto hawa hucheza saa ngapi?"

"Afande," akajibu, "wakicheza, wazazi hunijia wakisema wanalipa karo kwa ajili ya vumbi. Hata wewe muhula uliopita uliniuliza kwa nini daftari la binti yako lina kurasa tupu."

Hatukuwa na la kujibu, maana ni kweli tuliuliza.

Basi lawama hii si ya walimu peke yao. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu nchini Uganda, lakini uendeshaji wake ukaachiwa watu binafsi na mashirika. Shule inayoishi kwa karo humsikiliza mlipa karo. Kisha likaja janga la korona. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, na zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022 watoto wetu walikuwa wamekaa nyumbani karibu miaka miwili, wengi wao katika vyumba vya kupanga, mbele ya televisheni na simu za mkononi. Sisi wazazi tulitaka fidia ya kurasa zilizopotea. Hakuna aliyedai fidia ya mbio zilizopotea.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kujongea kwa muda usiopungua dakika 180 kila siku, na katika hizo dakika 60 ziwe za nguvu, yaani za kumfanya ahemeke. Asikae mbele ya kioo cha televisheni au simu zaidi ya saa moja, na alale kati ya saa kumi na kumi na tatu. Dakika hizo hazitakiwi kwa mkupuo. Mtoto hukimbia kidogo, husimama, hukimbia tena, ndivyo alivyoumbwa. Kuruka huimarisha mifupa, na kukimbia huimarisha moyo na mapafu.

Labda msomaji atadhani kwamba askari akizungumzia mazoezi ya watoto anataka wapigishwe gwaride. La, hasha! Gwaride humfundisha mtu mzima kutii amri moja kwa pamoja na wenzake. Mtoto hahitaji hilo. Ahitaji kujaribu, kukosea, kuanguka na kujaribu tena. Adhabu ya kukimbizwa kuzunguka uwanja nayo haifai, kwani humfundisha kuichukia mbio.

Tena hatuhitaji vifaa vya kuagiza ng'ambo. Mpira wa maganda makavu ya mgomba watosha kwa mchezo wa kwepena, ambao humfundisha mmoja kulenga na mwingine kukwepa. Kamba moja ni ya kuruka leo, na kesho hulazwa chini ikawa daraja la kupita bila kuyumba. Mistari iliyochorwa ardhini hufundisha kurukaruka kwa mguu mmoja. Wasichana wapewe nafasi ya kurusha sawa na wavulana, wala wasiambiwe wakae watulie kwa sababu ya magauni yao.

Katika mkutano wa wazazi tulikubaliana na mwalimu mkuu kwamba gari litaondolewa uani, na watoto watacheza nusu saa kabla ya uji na nusu saa baada yake. Aliomba jambo moja tu, kwamba wazazi watie sahihi kuwa hawatalalamika juu ya vumbi wala kurasa tupu. Baadhi walisita. Sisi tulitia sahihi ya kwanza, kwa kuwa tulikuwa na deni.

Binti yetu bado hajauvuka mfereji ule. Kila jioni tunachora mistari miwili mbele ya nyumba, naye anairuka, na kila wiki tunaitenganisha kwa upana wa vidole viwili. Mzazi unayesoma ukurasa huu, leo mtoto wako akirudi kutoka shule, usimwulize tu ameandika nini. Mwulize pia ameruka nini.