TEMBEA KWA KIPIMO CHAKO

Leo tusome juu ya jambo unalolijua tangu utotoni. Jambo hilo ni kutembea kwa miguu.

Labda utauliza, "Kutembea nako kunasomwa?" Ndiyo. Sote tunatembea, lakini si wote tunaojua kutembea kunaufanyia nini mwili. Tena wako watu walioacha kutembea bila kujitambua. Hao ndio wanaoumia.

1. NANI ANAHITAJI KUTEMBEA?

Mkulima anayelima kutwa kwa jembe amekwisha pata mazoezi yake. Mama anayeteka maji mbali na kubeba kuni naye amekwisha pata yake. Hao wakifika nyumbani wanahitaji kupumzika. Somo hili haliwaongezei kazi.

Lakini katika kijiji hicho hicho wako wengine. Yuko fundi cherehani anayekaa barazani kutwa. Yuko mwenye duka. Yuko kijana wa bodaboda, anayepita kila njia ya kijiji lakini miguu yake haifanyi kazi. Yuko mzee aliyewaachia watoto shamba. Yuko mtu mwenye presha au kisukari. Yuko aliyeugua muda mrefu, na sasa anaanza kupata nguvu.

Zamani watu wote hawa walikwenda sokoni kwa miguu. Siku hizi wengi hupanda pikipiki. Pikipiki ni msaada mkubwa, hasa kwa mgonjwa na kwa mama mjamzito aliye karibu kujifungua. Lakini mtu mzima wa afya akiipanda kila siku, hata kwa mwendo mfupi, mwili wake hukosa kazi. Mwili usio na kazi hulegea.

2. KUTEMBEA KUNAFANYA NINI MWILINI?

Kwanza, moyo hupata nguvu. Moyo husukuma damu mwilini. Mtu anayetembea mara kwa mara, moyo wake husukuma damu kwa urahisi zaidi. Presha yake husaidika kushuka.

Pili, sukari hupungua katika damu. Misuli inapofanya kazi hutumia sukari. Kwa hiyo kutembea kidogo baada ya kula kunamfaa mtu mwenye kisukari.

Tatu, misuli na mifupa huimarika. Hili ni kubwa kwa wazee.

Tufikirie juu ya mzee. Watoto wenye heshima humwambia, "Kaa tu, Babu, tutakuletea." Nia yao ni njema. Lakini mzee akikaa mkekani mwezi baada ya mwezi, misuli ya miguu hupungua. Akisimama, hutetemeka. Siku moja huanguka na kuvunjika nyonga. Kutoka siku hiyo hawezi kwenda msikitini, kanisani wala barazani kwa wenzake. Hata kwenda msalani hungoja mtu wa kumshika mkono.

Kwa hiyo mzee anayetembea kila siku analinda uhuru wake. Anayempenda mzee asimkalishe tu. Amshike mkono, watembee.

3. NITEMBEE KIASI GANI?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri. Lilisema mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Tufanye hesabu. Ukitembea dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, umepata dakika 150. Si lazima dakika 30 ziwe za mfululizo. Unaweza kutembea dakika 15 asubuhi na dakika 15 jioni.

Kama hujazoea, usianze na dakika 30. Anza hivi:

Wiki ya 1: dakika 10 kwa siku.
Wiki ya 2: dakika 15 kwa siku.
Wiki ya 3: dakika 20 kwa siku.
Wiki ya 4: dakika 25 kwa siku.
Wiki ya 5: dakika 30 kwa siku.

Ukichoka sana katika wiki fulani, irudie wiki hiyo. Hakuna anayekufukuza. Na kama huwezi zaidi ya dakika 5, tembea dakika 5. Kidogo ni bora kuliko kukaa.

Utajuaje kwamba mwendo wako unafaa? Tumia mdomo wako. Ukiweza kuimba wimbo mzima, unakwenda pole mno. Ukishindwa hata kuzungumza, unakwenda mbio mno. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, huo ndio mwendo wako. Mwendo wa jirani yako si kipimo chako.

4. CHAGUA NJIA

Katika nchi ya tambarare, kila njia ni nyepesi. Kwa hiyo tuzungumze juu ya milimani, mahali penye shida zaidi. Tuchukue mfano wa milima ya Usambara, katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Huko nyumba moja iko kilimani, na nyingine iko bondeni. Mtu asiye na nguvu atatembea wapi?

Ziko njia za namna tatu.

Njia ya kwanza ni ile inayofuata mfereji wa maji. Wazee wa milimani walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Maji hayapandi mlima, wala mchimbaji mzuri hayaachi yaporomoke. Kwa hiyo mfereji huzunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Njia iliyo kando yake nayo iko karibu sawa. Hii ni njia ya mzee, ya mgonjwa na ya anayeanza. Lakini usikanyage kingo za mfereji, maana zikibomoka wakulima watakosa maji.

Njia ya pili ni barabara ya magari. Barabara hupanda kwa kuzungukazunguka, kwa hiyo si kali kama njia ya mkato. Inamfaa mtu mwenye nguvu za kadiri. Tembea upande ambao utayaona magari na pikipiki zikikujia mbele yako. Katika kona kali, nenda pembeni kabisa.

Njia ya tatu ni ya mkato, inayopanda mlima moja kwa moja. Hiyo waachie vijana.

Hapa kuna jambo ambalo wengi husahau. Ukianza safari kwa kuteremka, kurudi nyumbani ni kupanda, na wakati huo umekwisha choka. Basi, ukiweza, anza kwa kupanda, ili urudi kwa kuteremka. Kama nyumba yako iko juu na njia zote zinateremka, geuka mapema. Usingoje kuchoka ndipo ugeuke.

Kuteremka nako kuna shida yake. Kunachosha magoti. Mtu mwenye maumivu ya magoti apige hatua fupi, na ashike fimbo. Kushika fimbo si aibu. Fimbo ni mguu wa tatu.

5. MFANO: SAFARI YA IRENTE

Mji wa Lushoto uko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,400 hivi. Kutoka mjini mpaka ukingo wa jabali la Irente ni mwendo wa kilometa 6 hivi. Njia hupita katikati ya nyumba na mashamba. Ukifika Irente, mlima unakatika. Chini kabisa unaiona tambarare ya Mazinde, na barabara kuu ya kwenda Moshi inaonekana nyembamba kama uzi. Watu hutoka mbali kuja kutazama hapo.

Je, kila mtu anaweza kwenda Irente? Tufanye hesabu. Kwenda ni kilometa 6, na kurudi ni kilometa 6. Jumla ni kilometa 12. Mtu anayetembea kilometa 4 kwa saa atatumia saa 3, bila kuhesabu mapumziko. Huo si mwendo wa mtu anayeanza.

Lakini anayeanza anaweza kwenda kilometa 1 katika njia hiyo hiyo, akapumzika chini ya mti, akarudi. Baada ya majuma kadhaa aende kilometa 2. Baadaye aende kilometa 3. Siku atakapofika ukingoni atakuwa amefika kwa nguvu zake mwenyewe. Akifika asisogelee ukingo, na watoto awashike mkono.

Hata safari kubwa hugawanywa. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwendo ule ulizidi kilometa 200. Hakuumaliza kwa siku moja. Aligawa safari, akatembea siku kwa siku.

6. MAMBO YA KUANGALIA

Saa. Tembea asubuhi, kabla jua halijawa kali, au jioni, kuanzia saa 11. Rudi kabla ya giza.

Viatu. Raba au katambuga zinazokaa vizuri mguuni zinafaa. Kandambili huteleza na kukatika, hasa kwenye mteremko.

Maji. Kunywa kabla ya kuondoka. Kama safari inazidi saa moja, beba maji.

Mvua. Wakati wa masika udongo wa milimani huteleza sana. Siku hiyo tembea katika uwanja wa shule, au ngoja njia ikauke.

Kisukari. Kama una kisukari, usitembee bila viatu. Ugonjwa huu unaweza kuifanya miguu isisikie maumivu. Unaweza kuchomwa na mwiba usijue. Ukirudi nyumbani tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Ukiona kidonda, hata kidogo, nenda zahanati. Tena, kama unatumia dawa za kisukari, beba sukari au pipi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kusikia njaa ya ghafla, kaa chini, kisha kula sukari hiyo mara moja.

Dalili za hatari. Simama mara moja ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi zikikosekana. Kaa. Mwambie mwenzako. Maumivu ya kifua yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama yamepoa.

Homa. Mtu mwenye homa asitembee kwa mazoezi. Apimwe malaria.

Kama una ugonjwa wa moyo, au umewahi kupata kiharusi, muulize kwanza mganga wa zahanati. Mama mjamzito mwenye afya njema anaweza kutembea, lakini naye aulize anapokwenda kliniki.

7. TEMBEENI PAMOJA

Mtu akitembea peke yake huacha upesi. Leo mvua, kesho mgeni, keshokutwa amesahau. Basi chagueni siku na saa. Kwa mfano, wanadarasa wa kisomo wanaweza kutembea pamoja dakika 20 kabla ya somo.

Iko kanuni moja ya kutembea pamoja. Anayekwenda pole kuliko wote atangulie mbele. Akitangulia mwenye nguvu, wazee hubaki nyuma. Mwenye nguvu husimama, huwangoja, hupumzika. Wazee wakimfikia tu, yeye huondoka tena. Basi aliyechoka hapati kupumzika hata mara moja! Lakini akitangulia mzee, wote hufika pamoja, na hakuna anayeona haya.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Kesho asubuhi vaa viatu vyako. Mwite mzee wa nyumbani kwako. Tembeeni mpaka mti wa karibu, kisha mrudi. Huo ni mwanzo.

MANENO YA KUKUMBUKA

kadiri – kiasi, si nyingi wala si kidogo
misuli – minofu inayovuta viungo vya mwili
nyonga – kiungo kinachounga paja na kiwiliwili
tambarare – nchi isiyo na milima
jabali – jiwe kubwa sana

MASWALI

1. Taja watu watatu wa kijiji chako wanaokaa sana bila kutembea.
2. Kwa nini si vizuri kumkalisha mzee siku zote?
3. Utajuaje kwamba unakwenda mbio mno?
4. Mtu anatembea dakika 20 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Atapata dakika ngapi? Zimepungua ngapi kufikia 150?
5. Jadilianeni: ni njia gani hapa kijijini inamfaa mzee? Kuna nini cha kutengeneza ili apite salama?