Fahamu: Jinsi mali inavyopigwa mnada kwa deni la kodi

Tuseme mfanyabiashara wa dagaa bandarini Kabwe, wilayani Nkasi, anadaiwa kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haianzi na mnada. Kwanza humpelekea makadirio. Asiporidhika, ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, huku akilipa kiasi asichokipinga au theluthi ya kodi, kile kilicho kikubwa. Masharti hayo ni mazito kwa mwenye mtaji mdogo, ila anaweza kuomba apunguziwe.

Akinyamaza, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu mali yake ikamatwe, hata injini ya boti, iuzwe mnadani. Fedha hulipa gharama kwanza, kisha deni. Inayobaki ni yake, aidai.

Ukipata barua ya TRA, isome siku hiyohiyo, uombe mapema kulipa kwa awamu.